Dakika 25 za Kimya, na Pakiti Zilikuwa Zimeshafika

Usiku ule nilikaa mbele ya skrini dakika 25 nikingoja mstari mmoja tu utokee. Haukutokea. Nikaandika kwenye tiketi ya kuripoti tatizo, bila wasiwasi wowote: "Pakiti hazifiki kwenye seva." Sentensi hiyo haikuwa kweli. Sikukusudia kumdanganya mtu, lakini iliwafanya wenzangu wawili wakeshe wakitafuta kosa mahali ambapo halikuwepo, na mpaka leo nikiikumbuka roho inaniuma.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Tulikuwa na kifaa kidogo cha kupimia kinachotuma taarifa, pakiti moja kila baada ya sekunde 30, kwa UDP (utaratibu wa kutuma usiosubiri jibu), kwenda poti 5514, namba inayoitambulisha programu ya kupokea. Programu ya kupokea taarifa hizo ilihamishiwa seva mpya mchana, na tangu ihamishwe haikuonyesha kitu. Katikati kulikuwa na fayawoli, mlinzi wa kuruhusu au kuzuia pakiti, iliyo mikononi mwa timu nyingine. Swali la kwanza ambalo kila mtu wa mtandao hujiuliza hapo ni moja: je, pakiti zinaufikia mlango wa seva au haziufikii?

Swali hilo hulijibu tcpdump, chombo cha kuonyesha pakiti zinazopita kwenye mashine, na hulijibu vizuri. Kwenye Linux, tcpdump huiona pakiti inayoingia kabla sheria za iptables, fayawoli ya ndani ya mashine yenyewe, hazijaigusa. Kwa hiyo nilijua kwamba hata kama seva ingekuwa imefungwa kila mahali, pakiti ikifika kwenye kadi ya mtandao nitaiona. Nisipoiona, basi imepotelea njiani. Hoja hiyo ilikuwa sahihi jana na ni sahihi leo. Nilichokosea ni kudhani kwamba nilikuwa natazama.

Amri niliyoiandika ni hii:

tcpdump -n -i eth0 udp port 5514 | grep 10.20.4.17

Ile grep, chombo cha kuchuja mistari yenye maandishi fulani, niliiweka kwa mazoea tu. Anwani ya kifaa ningeweza kuiweka ndani ya kichujio chenyewe cha tcpdump, "and host 10.20.4.17", na bomba (ile alama | inayopeleka matokeo ya programu moja kwenye nyingine) lisingehitajika kabisa. Lakini mkono ulishazoea. Skrini ikaniandikia "listening on eth0", nikatulia nikijua chombo kimefunguka na kinasikiliza. Dakika 10 zikapita, kimya. Nikabonyeza Ctrl+C kuizima, nikaanza upya kwa amri ileile, safari hii nikakaza roho hadi dakika 25. Kimya vilevile. Nikabonyeza tena Ctrl+C, nikaenda kuandika tiketi.

Timu ya fayawoli walijibu haraka, kwa adabu, kwamba wao wanaziona pakiti zikitoka kuelekea upande wetu. Nikawajibu kwamba mimi niko juu ya seva yenyewe na hakuna kitu. Wakaongeza sheria nyingine ya kuruhusu. Wakaangalia swichi. Mmoja wao akapendekeza kwamba huenda kuna njia mbili na pakiti zinapita isiyotazamiwa. Saa tatu ziliisha hivyo, kila upande ukishikilia alichokiona kwa macho yake, na mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote kwa sababu nilikuwa na "ushahidi".

Aliyetuokoa ni dada mmoja tuliyekuwa naye zamu, mkongwe kuliko mimi katika kazi hii. Alikuwa anasikiliza tu. Mwishowe akasogeza kiti.

"Mdogo wangu, hebu nisomee amri yako yote, usiruke kitu."

Nikamsomea.

"Baada ya 5514 umeweka nini?"

"Grep, dada."

"Na -l iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakunieleza nadharia. Aliniambia niiendeshe tena amri ileile kama ilivyo, nisubiri dakika tano, halafu nisiguse Ctrl+C. Tulipofikisha dakika tano skrini ikiwa tupu, yeye akafungua terminali (dirisha la amri) ya pili na kuandika amri ya kuipelekea tcpdump peke yake ishara ya kukatisha:

sudo pkill -INT tcpdump

Mistari kumi ikamwagika kwenye dirisha langu kwa mpigo mmoja. Yote ilikuwa ya kifaa kile. Ya kwanza ilisomeka hivi:

21:14:07.318442 IP 10.20.4.17.40112 > 10.20.4.5.5514: UDP, length 64

Ya pili 21:14:37, ya tatu 21:15:07, na kuendelea, kila moja ikiwa na tofauti ya sekunde 30. Saa iliyoandikwa mwanzoni mwa mstari ni saa ambayo kerneli, moyo wa mfumo wa mashine, iliinasa pakiti, si saa ambayo mstari ulichapwa. Kwa hiyo palepale mbele yetu ushahidi ulikuwa umejipanga wenyewe: pakiti zilifika kwa wakati wake, zikanaswa kwa wakati wake, zikaandikwa kwa wakati wake, halafu zikakaa mahali fulani zikisubiri.

Mahali hapo ni bafa. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu siku za kwanza za kujifunza programu, ila sikuwahi kuliona likinifanyia kazi dhidi yangu. Programu nyingi zilizoandikwa kwa lugha ya C hazipeleki maandishi yake nje kila neno linapoandikwa. Huyakusanya kwanza kwenye bafa ndani ya kumbukumbu ya programu, kisha huyatoa kwa mkupuo, kwa sababu kila safari ya kwenda kwenye kerneli ina gharama yake. Maktaba ya C huamua yenyewe itoe lini, na huamua kwa kuangalia matokeo yanakwenda wapi. Yakienda kwenye terminali, hutoa kila mstari unapokamilika, maana kuna binadamu anayesoma. Yakienda kwenye bomba au kwenye faili, husubiri bafa nzima ijae. Kwa maktaba ya glibc inayotumika kwenye Linux nyingi, bafa hiyo ya bomba kwa kawaida ni baiti 4096.

Usiku uleule nilichukua kalamu nikapiga hesabu, kwa kuwa nilitaka kujua hasa nilikosea kwa umbali gani. Mstari ule una herufi 68, na baiti moja ya kumaliza mstari, jumla 69. Gawa 4096 kwa 69, unapata mistari 59 na kidogo. Pakiti moja kila sekunde 30 maana yake bafa inahitaji karibu nusu saa kujaa. Nilipongoja dakika 10 kulikuwa na mistari kama 20 ndani, baiti 1,380. Nilipongoja dakika 25 ilikuwa mistari kama 50, baiti 3,450. Ningevumilia dakika tano nyingine tu, mistari 59 ingeniangukia kwa pamoja.

Na maneno "listening on eth0" yaliyonipa utulivu? Hayo tcpdump huyaandika kwenye mkondo wa makosa, ambao hauwekewi bafa na haupiti kwenye bomba. Yalifika skrini papo hapo kwa njia nyingine kabisa. Kwa hiyo nilikuwa nasikia upande mmoja wa chombo na kudhani nasikia pande zote.

Sehemu iliyonisumbua zaidi ni Ctrl+C, na naona watu wengi hawajaiwaza. Kwa nini nilipoizima amri mistari 50 haikutoka? Programu ikimaliza vizuri si humwaga bafa yake? Ndiyo, na tcpdump hufanya hivyo: huidaka ile ishara ya kukatisha, hufunga shughuli zake kwa utaratibu na kumwaga kilichobaki. Tatizo ni kwamba ukibonyeza Ctrl+C, terminali haiipelekei ishara tcpdump peke yake. Huipeleka kwa kila mchakato ulio kwenye mnyororo ule. Grep haina utaratibu wowote wa kuidaka, hufa palepale. Tcpdump inapomwaga mistari yake kwenye bomba, upande wa pili hakuna mtu. Pakiti 50 zilizothibitisha kwamba nimekosea niliziua kwa mkono wangu, mara mbili, kabla ya kuandika tiketi. Dada yule alipoipelekea ishara tcpdump tu, grep ilibaki hai, ikapokea mistari, ikafika mwisho wa mkondo, ikamaliza kazi.

Kosa la asili, kwa anayetaka kujua, lilikuwa dogo. Programu ya kupokea kwenye seva mpya ilikuwa imesanidiwa kusikiliza 127.0.0.1, anwani ya ndani ya mashine yenyewe, badala ya anwani ya nje. Amri "ss -lun", inayoorodhesha poti za UDP zinazosikilizwa, ililionyesha kwa sekunde moja. Kerneli ilikuwa inairudishia kila pakiti jibu la ICMP (ujumbe wa mtandao wa kuripoti hitilafu) kwamba poti haifikiki, lakini kichujio changu kilitaka UDP tu, kwa hiyo hata hilo nisingeliona. Niliwapigia simu wale wawili wa fayawoli usiku huohuo, nikawaeleza kilichotokea na kuwaomba radhi, kisha nikairekebisha tiketi.

Tangu hapo, tcpdump yangu ikiwa na bomba mbele yake ina -l. Chaguo hilo huifanya itoe mstari mmoja mmoja bila kujali inapeleka wapi. Ukurasa wa maelekezo wa tcpdump wenyewe unatoa mfano wa "tcpdump -l | tee dat", kwa ajili ya mtu anayetaka kuhifadhi huku anatazama. Nilikuwa nimeupitia mstari huo mara nyingi bila kuelewa kwa nini mtu angehitaji -l. Vyombo vingine vya kunasa pakiti, ngrep na tshark, navyo vina -l.

Lakini -l inatibu kiungo cha kwanza tu. Nilikuja kulijua hili wiki chache baadaye, nilipotaka kutazama na kuhifadhi kwa pamoja:

tcpdump -l -n udp port 5514 | grep 10.20.4.17 | tee logi.txt

Kimya tena. Safari hii moyo haukushtuka, nikaenda kuangalia kiungo kimoja kimoja. Tcpdump inatoa mstari kwa mstari, sawa. Tee haina tabia ya kulimbikiza, inachopokea inakipitisha. Aliyebaki ni grep. Ilipokuwa mwisho wa mnyororo, matokeo yake yalikwenda kwenye terminali na ikatoa kila mstari. Nilipoiwekea tee mbele, matokeo yakawa yanakwenda kwenye bomba, ikabadili mwenendo. Sikuigusa grep yenyewe hata herufi moja. Kilichobadilika ni jirani yake. Dawa yake ni --line-buffered. Kwa vyombo vingine vya kuchakata maandishi, sed ina -u, awk ina fflush() ya kuita baada ya kila print, Python ina -u. Kwa vyombo visivyo na chaguo kama tr na cut, kuna stdbuf: "stdbuf -oL cut -d' ' -f3" huibadilishia programu bafa kutoka nje, kabla haijaanza.

Stdbuf ina mipaka, nami niligonga mmoja. Hufanya kazi kwa kuingiza maktaba yake ndani ya programu inapowashwa, na mfumo huizuia njia hiyo kwa programu zinazopandisha mamlaka, sudo ikiwa mojawapo. Ukiandika "stdbuf -oL sudo tcpdump" huambiwi kosa lolote, ila hakuna kinachobadilika. Inabidi iwe "sudo stdbuf -oL tcpdump". Kwa tcpdump huna haja nayo kwa kuwa -l ipo, lakini kwa skripti nyingine mpangilio huo ulinigharimu saa nzima.

Kuna jambo jingine linalofanana na bafa na si bafa. Ukisahau -n, tcpdump hujaribu kubadili kila anwani kuwa jina kwa kuuliza DNS, na kama DNS haijibu, kila mstari husimama mpaka muda wa kusubiri uishe. Mistari inatoka kwa kusuasua, nawe unaanza kulaumu bafa bure. Huwa naliondoa shaka hilo kwanza.

Sasa nije kwenye tukio ambalo naliona ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu nilikuwa nimejipima kabla na nikajipa alama ya kupita. Niliandika skripti ya kulinda mtandao dhidi ya seva ya DHCP isiyo halali. Mtu akichomeka ruta yake mahali pasipotakiwa, nayo ikaanza kugawa anwani, watu wanapoteza mtandao bila kuelewa. Skripti ilisoma mistari kutoka tcpdump, na ikikuta jibu la DHCP linalotoka kwenye anwani isiyo yetu, ilinitumia ujumbe. Nilikuwa na faili la zamani lenye pakiti za tukio kama hilo, nikajaribu nalo:

tcpdump -n -r jaribio.pcap | ./kagua.sh

Ujumbe ulifika kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi. Nikaiweka ifanye kazi kama huduma, nikisikiliza kiolesura halisi, nikaendelea na mambo mengine.

Siku ruta ngeni ilipochomekwa kweli, watu walianza kulalamika asubuhi. Tuliitafuta kwa mkono, tukaipata, tukaichomoa. Saa kadhaa baadaye simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Jumbe karibu hamsini, moja juu ya nyingine, na ndani ya kila moja mstari wenye saa ya asubuhi. Ujumbe wa saa 11:40 ulikuwa unanionya kuhusu pakiti ya 08:12.

Jaribio langu lilikuwa na dosari ambayo sikuweza kuiona kwa kulitazama. Ukisoma kutoka faili, faili huisha. Likiisha, tcpdump hufunga, na ikifunga humwaga bafa yote, kwa hiyo skripti hupata kila mstari mara moja. Mtandao halisi hauishi. Bafa ilikuwa inasubiri kujaa, mistari ya DHCP ya aina ile ina kama baiti 83, na inahitajika takriban 49 ili zifike 4096. Wakati watu wanapiga simu, onyo lao lilikuwa tayari limeandikwa, limelala ndani ya kumbukumbu ya programu iliyo umbali wa amri moja kutoka kwangu. Nikaongeza -l. Herufi moja. Na siku hizi skripti ya namna hiyo siijaribu kwa faili peke yake. Natuma pakiti moja halisi, moja tu, halafu natazama saa.

Upande wa kuhifadhi kwenye faili kwa -w nao una hadithi yake. Niliwahi kuacha tcpdump ikinasa usiku kucha kwenye mashine iliyokuwa ikizimika ghafla bila sababu. Asubuhi mashine ilikuwa imezimika, nikaiwasha, nikafungua faili, na mwishoni nikakuta tcpdump inalalamika kwamba faili limekatika, "truncated dump file". Dakika za mwisho kabla ya kuzimika, ambazo ndizo pekee nilizozihitaji, hazikuwepo. Faili la pcap, aina ambayo tcpdump huhifadhia pakiti, lina kichwa cha baiti 24, kisha kila pakiti ina kichwa chake cha baiti 16 na yaliyomo. Bafa hailijui hilo. Hukata kwenye baiti ya 4096 hata kama ni katikati ya pakiti, na ukubwa wa faili huruka kwa hatua: 0, 4096, 8192. Ukiona "ls -l" inakupa 0 huku una hakika pakiti zinapita, usikimbilie kubadili kichujio.

Hapa -l haikusaidii. Chaguo lake ni -U, linaloifanya tcpdump iandike kila pakiti kwenye faili mara inapoipata. Matoleo mapya yanakubali pia ishara ya SIGUSR2, ukiipeleka tcpdump inayoandika kwa -w itamwaga ilichonacho bila kuzima, na hiyo imenifaa sana pale nilipokuta mtu ameshaianzisha bila -U na hatutaki kukatisha. Ila nisimdanganye mtu: -U huitoa pakiti kwenye programu na kuikabidhi kwa kerneli, haihakikishi kwamba imeshafika kwenye diski. Umeme ukikatika sekunde hiyohiyo, bado unaweza kupoteza. Programu ikifa peke yake, pakiti zako zimesalimika.

Kupitia -U ndipo nilipoanza kuitumia Wireshark, programu ya kutazamia pakiti kwenye dirisha, ya kompyuta yangu kutazama seva ya mbali:

ssh seva "tcpdump -U -i eth0 -w - not port 22" | wireshark -k -i -

Bila -U, dirisha la Wireshark linakaa tupu halafu linarukia pakiti nyingi kwa pamoja. Na ile "not port 22" si pambo. Ukiisahau, kila pakiti unayoitazama inasafiri ndani ya SSH, muunganisho wako na seva kwa poti 22, nayo inanaswa, nayo inasafiri, na mzunguko unajilisha wenyewe.

Baada ya mikasa hii nilipitia kipindi cha kuweka -l na -U kila mahali, nikaongeza na --immediate-mode. Chaguo hili la tatu linahusu bafa nyingine, iliyo chini zaidi, kati ya kerneli na tcpdump. Kerneli nayo haikabidhi kila pakiti peke yake; hulimbikiza kidogo, kisha hukabidhi furushi likijaa au muda mfupi ukipita. Tcpdump ikichapa kwenye terminali, hali ya papo hapo huwashwa yenyewe. Ikichapa kwenye bomba au faili, haiwashwi mpaka uombe. Ucheleweshaji wa hapo ni mdogo, haukaribii ile nusu saa yangu, na kwa kazi nyingi hutauhisi.

Bafa hizi ziliwekwa kwa sababu nzuri, nami niliilipia sababu hiyo kwenye kiungo chenye msongamano mkubwa. Nilichapa kila pakiti mstari kwa mstari, na nilipozima nikasoma takwimu za mwisho. Kwenye "packets dropped by kernel" kulikuwa na idadi kubwa kuliko ya zilizonaswa. Kila mstari ulikuwa safari moja ya kwenda kwenye kerneli, na tcpdump ilichelewa kurudi kuchukua pakiti mpya. Bafa ya kerneli ikajaa, zilizobaki zikatupwa. Kwenye kiungo kama hicho sasa nanasa kwa -w bila -U, naipandisha bafa ya kerneli kwa -B, kwa mfano -B 16384 ambayo ni mebibaiti 16, na kusoma nasoma baadaye kwa -r. Mkondo mwembamba ndio unaohitaji haraka ya mstari kwa mstari, maana wenyewe hauwezi kuijaza bafa kwa wakati. Mkondo mnene huijaza kabla hujapepesa macho.

Mkasa wa mwisho ni wa mwezi uliopita. Kijana tunayefanya naye kazi aliniletea mnyororo wake: tcpdump ina -l, grep ina --line-buffered, na mwishoni awk yenye fflush() baada ya print. Kila kitu kiko mahali pake. "Kaka, nimefuata yote uliyonielekeza," akasema, na ni kweli alikuwa ameyafuata. Kwenye kompyuta yake ilifanya kazi. Kwenye seva, kimya.

Tulikaa nayo muda mrefu. Tukaondoa awk, mistari ikatoka. Tukairudisha, ikakauka. Mwishowe tukaangalia awk yenyewe ni ipi: kwake ilikuwa gawk, kwenye seva ilikuwa mawk, aina mbili tofauti za awk. Mawk ile haikuwa ikizuia kilichotoka, ilikuwa ikizuia kilichoingia. Inaposoma kutoka kwenye bomba hutaka kujaza bafa yake ya kusomea kwanza ndipo ianze kazi, kwa hiyo fflush() haikuwa na kitu cha kumwaga. Miaka yote hii nilikuwa naangalia mdomo wa kila programu, sikuwahi kuangalia masikio yake.

Tukaandika "mawk -W interactive" badala ya awk, tukasubiri. Mstari ukatoka. Kijana akatazama saa ya skrini, akatazama saa iliyo mwanzoni mwa mstari, zikalingana. Tukabaki kimya sote wawili mpaka wa pili ulipotoka.